Unataka mutoto wa mbwa wa rase? Anza kwa kumuona mama yake

Kolwezi, jimbo la Lualaba. Tangu shaba na kobalti zilete watu wengi hapa muji, kuta za lupango zimepanda juu, na nyuma ya ukuta watu wanataka mbwa. Wengi hawataki tena mbwa wa hivi hivi. Wanataka Berger allemand, Malinois, Rottweiler ao Boerboel, mbwa wa rase, na wako tayari kutoa feza ambayo ingelipa nyumba kwa miezi kadhaa.

Hapo njo shida inaanza. Feza inatoka, mutoto wa mbwa anafika ndani ya kartoni, watoto wanafurahi. Siku ya tano anakataa kula, anatapika, anahara damu. Siku ya saba anazikwa nyuma ya nyumba. Ukiita muuzishaji, simu yake haipiti tena. Wengine mbwa wao anaishi, ila akifikisha mwaka mumoja anaanza kuchechemea. Na hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya kuingiza ndani ya lupango mbwa asiye na chanjo, kisha anamuuma mutoto.

Makala hii inaeleza namna ya kuchagua mutoto wa mbwa muzima kwa mufugaji mwenyi kuwajibika. Haiko kwa matajiri peke yao. Hata anayepewa mbwa bure anaweza kuitumia.

Rase ni nini, na karatasi inasema nini

Mbwa wa rase ni mbwa ambaye wazazi wake, na wazazi wa wazazi wake, wanajulikana na wameandikwa. Karatasi inayoonyesha ukoo huo inaitwa pedigri. Shirika kubwa la dunia linalounganisha vyama vya wafugaji ni FCI, lililoanzishwa mwaka wa 1911, na makao yake yako Thuin, kule Ubelgiji. Karibu na sisi, upande wa Afrika Kusini, kuna chama kinachoitwa KUSA, nacho kinaandika watoto wa mbwa.

Pedigri inasema baba ni nani na mama ni nani. Haisemi kama mutoto huyu ni muzima, wala haisemi kama amechanjwa. Watu wengi wanachanganya mambo hayo mawili. Kitabu cha chanjo ni kitu kimoja, pedigri ni kitu kingine, na unahitaji kuona kila kimoja.

Pia, mbwa akiwa na masikio wima na rangi nyeusi na kahawia, haitoshi kusema ni Berger allemand. Kama hakuna karatasi, muuzishaji wa kweli atakuambia: "Hana karatasi, ila wazazi wake ndio hawa." Jibu hilo ni la kweli, na bei inapaswa kushuka. Anayedai bei ya pedigri na kusema karatasi zitakuja kisha, usimupe feza. Kama mbwa ana chipu chini ya ngozi, namba yake ina tarakimu 15, na lazima namba hiyo iwe sawa na ile iliyo kwenyi karatasi.

Funzo linatoka hapa hapa Kongo

Kwa nini kujua wazazi ni jambo kubwa hivi? Mufano muzuri ni mbwa wa inchi yetu. Kuna rase moja inayojulikana dunia nzima na inayotoka kwenyi misitu ya Kongo: Basenji. Ni mbwa mudogo, masikio wima, mukia umejikunja juu ya mugongo, na habweki kama mbwa wengine. Anatoa sauti kama ya kuimba. Wawindaji wanamutumia tangu zamani kufukuza nyama kuelekea kwenyi nyavu, na wanamufunga kengele shingoni ili wajue yuko wapi. Jina lake linatoka kwenyi Lingala, na neno lenyewe tunalijua hata huku kwetu: basenji, watu wa pori, neno ambalo mara nyingi linasemwa kama tusi.

Waingereza walijaribu kumupeleka kwao mwaka wa 1895. Mbwa wale walikufa upesi kwa ugonjwa ambao kwa Kifaransa unaitwa maladie de Carré. Wakati ule hakukuwa na chanjo yake. Mwaka wa 1937 njo walifaulu kuleta wengine na kuwafuga. Ila mbwa waliotoka Kongo walikuwa wachache sana. Wajukuu wakazaa na wajukuu, damu ikazunguka ndani ya ukoo ule ule, na ugonjwa uliojificha ukapata nafasi. Basenji wengi kule Ulaya na Marekani wakaonekana na ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi: mwili unapoteza sukari na vitu vingine vya lazima kupitia mukojo. Mara nyingi unaonekana mbwa akiwa na miaka 4 mpaka 7, wakati tayari amekwisha kuzaa.

Wafugaji wa Marekani walifanya nini? Mwaka wa 1987 na 1988 walirudi hapa kwetu, wakati inchi ilikuwa inaitwa Zaïre, wakachukua mbwa wapya kwenyi vijiji vya kaskazini. Mwaka wa 1990 chama chao kikakubali kuwaandika mbwa hao kwenyi kitabu cha rase. Mwaka wa 2007 kikapatikana kipimo cha DNA cha kuonyesha nani anabeba ugonjwa.

Funzo ni hili: rase haiharibike kwa sababu ni rase. Inaharibika wakati mufugaji anazalisha ndugu na ndugu, baba na binti, bila kupima. Na hapa Kolwezi, penye kuwa Malinois wachache wa kuzalisha, hatari ni ile ile. Kwa hiyo uliza wazi: "Mama na baba ni ndugu?"

Magonjwa ya kuuliza kwa kila rase

Berger allemand na Rottweiler: ugonjwa wa nyonga. Mufupa wa paja haukai vizuri kwenyi nafasi yake, na mbwa anachechemea, anashindwa kusimama akizeeka. Mutoto wa majuma 8 hauwezi kumuona nayo kwa macho. Inapimwa kwa radio, ile picha ya mifupa, kwa wazazi waliofikisha angalau mwaka mumoja. Kwa namna ya FCI, matokeo yanaandikwa kwa herufi, A mpaka E. A ni nyonga nzuri, E ni mbaya sana. Kama mufugaji hana radio, basi uone wazazi wakitembea, wakikimbia na wakisimama kutoka chini. Mama anayeinuka kwa shida, mutoto wake ataweza kuwa vile vile.

Rottweiler tena: viwiko na moyo. Munganga wa wanyama asikilize moyo.

Malinois: jina lake linatoka kwa muji wa Malines, Ubelgiji. Uliza kama kuna kifafa kwenyi ukoo. Ila shida kubwa ya Malinois hapa kwetu haiko ugonjwa, ni maisha. Ni mbwa wa kazi. Anahitaji kukimbia na kufundishwa kila siku. Akifungwa munyororo kutoka asubui mpaka usiku, anaharibika akili na anauma hovyo. Kama hauna nafasi ya kumushugulikia, chagua mbwa mwingine.

Mbwa anayechaguliwa vizuri na kufundishwa anafanya kazi kubwa. Ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini wanajua mbwa wa hifadhi ya Virunga: tangu mwaka wa 2011, mbwa wa rase ya Saint-Hubert wanasaidia walinzi wa hifadhi kufuata alama za wawindaji haramu kwa kunusa.

Umri: majuma 8, si chini

Mutoto wa mbwa asiachane na mama yake mbele ya majuma 8. Kati ya juma la 3 na la 12 njo anajifunza mambo mengi ya maisha: kucheza bila kuuma sana, kuzoea watu, watoto, makelele. Akiondolewa na majuma 4 ao 5, mara nyingi anakua muoga ao mukali kupita kiasi, na tumbo lake halijakuwa tayari kwa chakula kigumu.

Wauzishaji wanaongeza umri kwa sababu mutoto akikaa kwao anakula na anahitaji chanjo. Angalia mambo haya:

– Macho yanafunguka kati ya siku ya 10 na ya 14.
– Meno ya maziwa yanaanza kutoka karibu na juma la 3. Mutoto wa majuma 8 kwa kawaida ana meno yote 28, madogo na makali kama sindano. Kama meno ya nyuma hayajatoka, umri ulioambiwa si wa kweli.
– Mutoto wa majuma 8 anakimbia, anageuka, anacheza. Anayeyumba-yumba akitembea bado ni mudogo sana, ao ni mugonjwa.

Kwa mufugaji: kile cha kuangalia

Usikubali kuonana barabarani, sokoni ao kwenyi stasioni ya mafuta. Usitume feza kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money kwa sababu ya picha nzuri kwenyi WhatsApp. Picha moja inaweza kuuzisha mbwa kwa watu kumi. Nenda pale watoto walipozaliwa.

Kwanza, omba kumuona mama akiwa pamoja na watoto wake. Njo kipimo kisicholipiwa kuliko vyote. Maziwa yake yanapaswa kuonyesha kwamba amenyonyesha. Je, amekonda sana? Ngozi yake ina vidonda? Anatetemeka, ao anarukia watu? Mama mwenyi kulinda watoto wake anaweza kunguruma kidogo, hiyo ni kawaida. Ila mama mwenyi hofu kubwa anapitisha hofu hiyo kwa watoto. Ukiambiwa "mama yuko Lubumbashi" ao "mama alipotea", funga mazungumuzo hapo. Baba anaweza kuwa mahali pengine, mama, hapana.

Pili, angalia mahali. Si lazima pawe pa kitajiri. Pawe na maji safi, kivuli, pa kulala pakavu, na mavi yaondolewe. Uone watoto wote, si ule mumoja aliyeogeshwa kwa ajili yako. Kama mumoja kati yao anahara ao analala peke yake kwenyi kona, usichukue hata mumoja.

Tatu, uliza maswali:

– Mama ana miaka mingapi? Asizae mbele ya kukomaa. Wafugaji wazuri wanangojea karibu na miaka 2.
– Alizaa mwisho lini? Mimba ya mbwa inachukua karibu siku 63. Mama anayezalishwa mara mbili kila mwaka ni mashini ya feza, na watoto wake wanazaliwa na nguvu ndogo.
– Watoto walipewa dawa ya minyoo siku gani? Kwa kawaida inaanza juma la 2 na inarudiliwa kila juma la pili.
– Veterinere wako ni nani? Naweza kumuita?

Mufugaji mwenyi kuwajibika naye atakuuliza: una ukuta? Nani atamulisha? Umekwisha kufuga mbwa? Usikasirike. Anayeuliza hivi anajali mbwa wake wanaenda wapi. Asiyeuliza kitu isipokuwa feza, jihazari.

Kupima mutoto kwa mikono yako

Mukamate, umuweke chini, umutazame dakika kumi na tano hivi. Macho safi, bila uchafu wa njano. Pua bila makamasi. Ufizi uwe wa rangi ya waridi. Ukiwa mweupe, minyoo ao viroboto wamemaliza damu. Tumbo lililojaa kama mupira huku mbavu zinaonekana, hiyo ni minyoo; na minyoo ya mbwa inaweza kupita kwa watoto wenu wanaocheza chini. Tazama kwenyi kitovu kama kuna uvimbe laini. Inua mukia: pasiwe na mavi yaliyokauka. Piga makofi nyuma yake uone kama anasikia. Achague kukufuata, asikimbilie kujificha.

Usichague mudogo kuliko wote kwa sababu ya huruma. Huruma ni nzuri, ila ujue kwamba utalipa munganga.

Chanjo: kisa cha parvo

Ule mutoto anayekufa siku ya saba, mara nyingi ameuawa na parvo, virusi vinavyoharibu matumbo. Dalili zinaonekana kati ya siku ya 3 na ya 7 kisha kuambukizwa. Maana yake, muuzishaji anaweza kukupa mutoto anayecheza vizuri, kumbe ugonjwa tayari uko ndani.

Chanjo ya parvo na ya maladie de Carré inaanza kati ya juma la 6 na la 8, kisha inarudiliwa kila majuma 3 ao 4 mpaka juma la 16. Inarudiliwa kwa sababu kinga iliyotoka kwenyi maziwa ya mama inaweza kuzuia chanjo ya kwanza isifanye kazi. Kwa hiyo sindano moja haitoshi, hata kama muuzishaji anasema "amekwisha kuchanjwa yote".

Kitabu cha chanjo kiwe na karatasi ndogo ya chupa iliyobandikwa, tarehe, sahihi na muhuri wa munganga wa wanyama. Na uliza swali ambalo watu wanasahau: chanjo ilichungwa wapi? Inapaswa kukaa kwenyi baridi ya digri 2 mpaka 8. Kolwezi iko karibu na mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke, na bado umeme unakatika kwenyi kartiye. Chupa iliyokaa kwenyi joto ni kama maji tu. Munganga asiyeweza kukuonyesha frigo inayofanya kazi, tafuta mwingine.

Kama mbwa alikufa kwa parvo kwenyi lupango yako, virusi vinaweza kubaki kwenyi udongo miezi mingi, hata mwaka. Osha saruji na vyombo kwa javeli, choma matandiko, na usilete mutoto asiyemaliza chanjo.

Kichaa cha mbwa: hapa hakuna mchezo

Raje, ao kichaa cha mbwa, inaua watu karibu 59.000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Azia. Karibu wote waliambukizwa na mbwa, na katika watu kumi wanaoumwa na mbwa wenyi kushukiwa, wane ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mutu, karibu hakuna anayepona.

Chanjo ya raje kwa mbwa inatolewa kwa kawaida tangu juma la 12, na inarudiliwa kufuatana na kitabu. Mbwa wa rase anaambukizwa sawa na mbwa wa barabarani. Damu nzuri haimukingi.

Mutu akiumwa, hata na kijibwa kidogo: osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15. Usitie majani, mafuta wala udongo. Kisha aende hospitali siku ile ile apate chanjo ya watu. Usingojee kuona kama mbwa atakufa.

Mbwa anayetoka mbali

Wengine wanaletewa mbwa kutoka Lubumbashi, karibu kilomita 300, ao kutoka Zambia na Afrika Kusini kupitia mupaka wa Kasumbalesa. Mbwa anayevuka mupaka apite kwa huduma ya karantini ya wanyama, akiwa na cheti cha afya na chanjo ya raje. Anayepitishwa usiku ndani ya mufuko hana uhakika wowote, na anayechukuliwa na majuma 6 atafika amechoka na kinga yake imeshuka. Kama ukoo ni muzuri kweli, ngojea akomae na amalize chanjo. Kule Lubumbashi, chuo kikuu UNILU kina fakulte ya veterinere. Kabla ya kumupakia ndani ya gari, omba munganga wa wanyama wa kule amuangalie.

Andikeni mapatano

Karatasi moja inatosha: majina ya pande mbili, tarehe ya kuzaliwa, rangi, namba ya chipu kama iko, bei, na mustari huu: "Munganga wa wanyama akikuta ugonjwa ndani ya siku 3, mutoto anarudi na feza inarudi." Piga sahihi mbele ya mushahidi. Mufugaji muzuri hatakataa.

Siku za kwanza, mupe chakula kile kile alichozoea, kisha ubadilishe polepole. Bukari peke yake haimutoshi mutoto anayekua. Anahitaji samaki, nyama ao mayai. Piga pasi matandiko yake, sababu ile inzi inayotaga kwenyi nguo inayoanikwa nje inamuingia hata yeye. Muondoe kupe kila siku: homa ya kupe inageuza mukojo kuwa kama kahawa. Na maji ya mitaro inayotoka kwenyi viwanda vya madini asiyanywe.

Kama feza haitoshi

Mbwa wa hapa kwetu, aliyezaliwa kwa jirani na ambaye mama yake unamuona kila siku, ni chaguo zuri. Anavumilia joto, anakula kidogo, anabweka mugeni akifika. Feza ungetoa kwa jina la rase, itoe kwa chanjo, dawa ya minyoo na chakula. Mwizi hasomi pedigri mbele ya kuruka ukuta. Na mutoto akiumwa, swali la kwanza la munganga litakuwa moja tu: mbwa huyu alichanjwa?